Visit Rwanda: Kwa nini picha za ushindi wa Arsenal ziliwauma mashabiki wa Kongo

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, katika uwanja wa Emirates jijini London, kijana wa miaka 18 alifunga bao, akaketi kwenye nyasi, akakunja miguu na kufumba macho kama mtu anayetafakari. Kijana huyo alikuwa Myles Lewis-Skelly wa Arsenal. Mtindo huo wa kushangilia ni wa Erling Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, na siku hiyo Haaland alikuwepo uwanjani akiutazama ukitumika kumkejeli. Arsenal ilishinda 5-1.

Picha ya Lewis-Skelly akiwa amekaa chini ilizunguka dunia nzima usiku ule ule. Ilikuwa na kila kitu kinachofanya picha ya mpira ikumbukwe: kijana dhidi ya nyota, kisasi cha maneno yaliyorushwa tangu sare ya 2-2 ya Septemba 2024, na ushindi mkubwa dhidi ya mabingwa watetezi.

Ilikuwa pia na maneno mawili kwenye mkono wa kushoto wa jezi: Visit Rwanda, yaani Tembelea Rwanda.

Siku sita kabla ya mechi hiyo, tarehe 27 Januari, waasi wa M23 walikuwa wameingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini. Siku chache baada ya mechi, Umoja wa Mataifa ulisema takriban watu 2,900 walikuwa wameuawa katika mapigano ya mji huo. Na katika siku hizo hizo ndipo ilipojulikana kwamba Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, ameziandikia Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern Munich akizitaka ziachane na udhamini aliouita wenye madoa ya damu.

Kwa shabiki wa Arsenal aliyeko Kalemie, Bukavu au Lubumbashi, furaha na uchungu vilifika kwa simu moja, katika picha moja.

Mkono wa jezi unauzwa kwa nini?

Ligi Kuu ya England iliruhusu matangazo kwenye mkono wa jezi kuanzia msimu wa 2017/18. Kabla ya hapo, klabu ziliuza kifua tu. Mei 2018 Arsenal ilitangaza kwamba mdhamini wake wa kwanza wa mkono wa jezi ni Rwanda, kupitia bodi yake ya maendeleo. Vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kuwa mkataba huo wa miaka mitatu ulikuwa na thamani ya takriban pauni milioni 30. Baadaye uliongezwa muda.

Anayelipia nafasi hiyo hatarajii mtazamaji aliyeko uwanjani asome maandishi madogo begani. Kutoka jukwaani hayaonekani vizuri. Anacholipia ni picha. Mchezaji akifunga, hunyoosha mikono. Wapiga picha waliojipanga nyuma ya bango za matangazo hulenga uso na kifua, na bega huingia lenyewe. Picha hiyo huchapishwa gazetini, huwekwa kwenye mtandao, hubandikwa ukutani kwenye kinyozi, huchorwa nyuma ya basi. Tangazo la televisheni hupita baada ya nusu dakika. Picha ya bao kubwa hukaa miaka.

Ndiyo maana mjadala huu haukuhusu mechi moja. Kila picha ya Arsenal ya Ligi Kuu tangu Agosti 2018, ya ushindi au ya kipigo, ina jina la Rwanda ndani yake. Mtoto aliyeanza kuipenda timu hiyo akiwa na miaka 10 wakati huo amekuwa kijana akiliona jina hilo kwenye jezi ya timu yake msimu baada ya msimu.

Rwanda yenyewe haikuficha lengo lake. Ilitaka kuondoa picha moja kichwani mwa watu wa nje, ile ya mauaji ya kimbari ya 1994, na kuweka nyingine: sokwe wa milimani, hoteli, mikutano na michezo. Kwa takwimu zilizotolewa na pande hizo mbili, nchi hiyo ilipokea wageni milioni 1.3 mwaka 2024 na kupata dola milioni 650 kutokana na utalii. Kwa kipimo cha biashara, mkataba ulifanya kazi.

Picha zinazofika na picha zisizopigwa

Jimbo la Tanganyika liko mbali na Goma, lakini haliko mbali na vita. Baada ya Bukavu kuanguka katikati ya Februari 2025, watu waliokimbia Kivu Kusini walishuka hadi Kalemie, wengi wao wakipitia ziwani. Desemba 2025 M23 waliingia Uvira, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Anayetazama ramani anaona kwamba kutoka Uvira kwenda Kalemie ni kufuata ufuo ule ule kuelekea kusini.

Jimbo hilo lina majeraha yake pia. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2013, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalichoma vijiji na kufukuza mamia ya maelfu ya watu katika maeneo ya Nyunzu, Manono, Kabalo na Kalemie. Ni vita ambavyo dunia haikuviona. Silaha zake nyingi zilikuwa mishale na mapanga, na wapiga picha waliofika huko walihesabika.

Hapa ndipo suala la picha za mpira wa Uingereza linapopata uzito katika mahali kama Kiambi, mji mdogo ulio kando ya mto Luvua. Picha ya bao lililofungwa London hufika huko kabla hata gazeti la Kinshasa halijafika. Picha ya Kiambi yenyewe haifiki London kamwe. Mtu wa huko anaweza kumtambua Bukayo Saka kwa mwendo wake tu. Saka, kwa upande wake, amevaa begani kwa miaka yote jina la nchi jirani, na hakuna picha hata moja katika kazi yake inayomwonyesha kwamba kuna Kiambi.

Hilo si kosa la mchezaji. Mchezaji hachagui mdhamini. Lakini linaeleza kwa nini malalamiko ya Wakongo hayakuwa wivu wa jirani, kama wengine walivyodai. Wanaotumia picha hizo kwa wingi, wanaozilipia kwa vifurushi vya intaneti na kwa jezi za sokoni, ndio hao hao waliotakiwa kutembea na tangazo la nchi ambayo ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema wanajeshi wake wanapigana upande wa M23 katika ardhi yao.

Ripoti ya wataalamu hao ya Julai 2024 ilikadiria wanajeshi wa Rwanda walio Kongo kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Tarehe 21 Februari 2025, Baraza la Usalama lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2773 lililolitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo. Rwanda inakanusha kuisaidia M23. Inasema hatua zake ni za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi lililoanzishwa na watu waliohusika na mauaji ya 1994, na inaituhumu Kinshasa kwa kushirikiana nalo.

Fulana ya Muamba na kitambaa cha Ukraine

Swali lililoulizwa sana na mashabiki wa Kongo ni hili: je, mpira wa Uingereza hauna kawaida ya kuingiza mambo ya nje ya uwanja katika picha zake? Historia inajibu kwamba inayo.

Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba wa Bolton alianguka uwanjani White Hart Lane wakati wa robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham. Moyo wake ulisimama kwa dakika 78. Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, akahamia Uingereza akiwa na miaka 11 kumfuata baba yake aliyekimbia kwa sababu za kisiasa, na alilelewa kisoka katika akademi ya Arsenal. Picha za wachezaji wa timu zote mbili wakiwa wamesimama bila la kufanya, wengine wakiomba, ni miongoni mwa picha nzito kabisa za soka la Uingereza.

Kesho yake, beki wa Chelsea Gary Cahill, aliyewahi kucheza na Muamba Bolton, alifunga bao dhidi ya Leicester, akapandisha jezi na kuonyesha fulana ya ndani iliyoandikwa maombi kwa ajili ya mwenzake. Hakuna aliyelipia maneno hayo. Muamba alipona, ingawa alilazimika kustaafu mwaka huo huo.

Miaka miwili baadaye mlango huo ulifungwa. Mwaka 2014 bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, iliamua kwamba mchezaji haruhusiwi kuonyesha maandishi au picha yoyote kwenye nguo za ndani. Sheria inakataza pia kauli za kisiasa, za kidini na za kibinafsi kwenye vifaa vya mchezo. Kwa hiyo leo mchezaji mwenye asili ya Goma akiandika jina la mji wake kwenye fulana ya ndani, anaadhibiwa. Serikali ikiandika jina la nchi yake kwenye mkono wa jezi na kulipia, hilo linahesabiwa kuwa biashara. Sheria inatazama nani ameandika na kama amelipa. Haitazami maneno hayo yana maana gani kwa anayeyasoma.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ililegea mara moja Ukraine ilipovamiwa. Urusi iliingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Kesho yake Manchester United ilivunja mkataba wake na shirika la ndege la Urusi, Aeroflot. Tarehe 26, kabla ya mechi ya Everton na Manchester City, picha ya Vitaliy Mykolenko na Oleksandr Zinchenko, Waukraine wawili wa timu pinzani, wakikumbatiana huku wakijizuia kulia, ikawa picha ya wiki. Machi 2 Everton ilisitisha udhamini wa kampuni zenye uhusiano na tajiri Alisher Usmanov. Wiki hiyo manahodha wa Ligi Kuu walivaa vitambaa vyenye rangi za Ukraine.

Kutoka uvamizi hadi kuvunja mkataba ilikuwa siku moja. Kutoka kuanguka kwa Goma hadi Arsenal kutangaza kwamba itaachana na Visit Rwanda ilikuwa takriban miezi kumi.

Ipo tofauti kati ya mambo hayo mawili, na haifai kufichwa. Urusi ilitangaza vita vyake kwa sauti ya rais wake, Rwanda inakanusha. Serikali ya Uingereza iliiwekea Urusi vikwazo ambavyo vilizifunga klabu mikono. Kwa Rwanda, London ilisitisha sehemu ya misaada tarehe 25 Februari 2025, lakini haikuzigusa klabu. Bado, kwa aliyepoteza nyumba Goma, tofauti hizo za kisheria hazipunguzi ukweli kwamba maumivu ya mmoja yalipewa kitambaa na ya mwingine hayakupewa.

Mikono mdomoni Abidjan

Kwa kukosa nafasi katika jezi za Ulaya, Wakongo walitengeneza picha yao wenyewe. Februari 7, 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wa Leopards walipanga mstari kwa ajili ya wimbo wa taifa. Kila mmoja aliziba mdomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine akavielekeza kwenye panja kama bastola.

Maana yake ilieleweka bila tafsiri: tunauawa, na dunia imenyamaza. Leopards walifungwa 1-0, lakini wengi hawakumbuki bao. Wanakumbuka mstari ule.

Katika kikosi hicho walikuwemo watu wanaofahamika vizuri England. Yoane Wissa alikuwa Brentford, na baadaye alihamia Newcastle. Chancel Mbemba aliwahi kuichezea Newcastle. Arthur Masuaku ndiye aliyeifungia West Ham bao la ushindi wa 3-2 dhidi ya Chelsea Desemba 2021, krosi iliyogeuka kuwa shuti. Ni wachezaji wale wale ambao wikendi huvaa matangazo ya wengine. Abidjan walitumia mikono yao tu, na ndiyo picha iliyobaki.

Klabu tatu, majibu matatu

Barua ya Kayikwamba Wagner ilizaa majibu tofauti. PSG iliongeza mkataba wake hadi 2028. Bayern, Agosti 2025, iliacha upande wa matangazo na kubakisha ushirikiano wa kukuza vipaji vya vijana. Arsenal ilikaa kimya kwa muda mrefu.

Ukimya huo ulivunjwa kwanza na mashabiki wake. Kundi lililojiita Gunners for Peace lilitengeneza vitambaa vya mkono vya kejeli vilivyowaalika watu watembelee Tottenham, mahasimu wa jadi, kwa hoja kwamba hata hilo ni afadhali kuliko kuitangaza Rwanda. Aprili 29, 2025, Arsenal ilipocheza na PSG nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, klabu zote mbili zilikuwa washirika wa Visit Rwanda. Yeyote ambaye angeshinda, mdhamini angefika fainali.

Tarehe 19 Novemba 2025 Arsenal na Rwanda zilitangaza kwa pamoja kwamba zimekubaliana kumaliza ushirikiano mwishoni mwa msimu wa 2025/26. Taarifa hiyo ilizungumzia mafanikio ya utalii. Kongo haikutajwa kama sababu.

Rwanda haikubaki bila pa kwenda. Ilikuwa tayari imesaini na Atlético Madrid, na Septemba 2025 ilitangaza mikataba Marekani na timu ya kikapu ya Los Angeles Clippers na timu ya soka la Kimarekani ya Los Angeles Rams. Mwezi huo huo Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Kongo nayo yaingia sokoni

Hapa hadithi inakuwa ngumu zaidi kwa Kinshasa. Baada ya kuzitaka klabu ziache pesa za Rwanda, Kongo ilianza kutoa za kwake. Mwaka 2025 ilisaini na Monaco, AC Milan na Barcelona ili kuitangaza nchi kama moyo wa Afrika. Mkataba wa Barcelona pekee, wa miaka minne, uliripotiwa kuwa na thamani ya zaidi ya euro milioni 40.

Wakongo wengi walihoji hesabu hiyo. Nchi ina mamilioni ya watu waliohama makwao kwa sababu ya vita. Mtalii atakayevutiwa na jezi ya mazoezi ya Barcelona, atatua wapi, ikiwa uwanja wa ndege wa Goma umefungwa na mbuga ya Virunga iko katikati ya mapigano? Serikali hutetea mikataba hiyo kwa kusema kwamba inajumuisha pia mafunzo kwa vijana, na kwamba kukaa kimya ni kumwachia jirani uwanja.

Si mara ya kwanza kwa Kongo kununua picha. Oktoba 30, 1974, Mobutu aliwaleta Muhammad Ali na George Foreman Kinshasa, kila mmoja akiahidiwa dola milioni 5, ili dunia iijue Zaire. Dunia iliijua. Picha ya Foreman akianguka bado inatazamwa hadi leo. Lakini umaarufu huo haukumjengea mtu wa Tanganyika barabara.

Tatizo, basi, ni kubwa kuliko Rwanda. Katika mechi ile ya Februari 2025, kifua cha Arsenal kilikuwa na jina la Emirates, shirika la ndege la serikali ya Dubai. Kifua cha City kilikuwa na Etihad, shirika la serikali ya Abu Dhabi. Dubai na Abu Dhabi zote ziko ndani ya Falme za Kiarabu, ambazo zinakanusha tuhuma za kuwapa silaha wapiganaji wa RSF nchini Sudan. Msudani aliyetazama picha ya Lewis-Skelly huenda alisoma kifuani kile ambacho Mkongo alisoma begani.

Nini cha kutazama sasa

Kuondoka kwa maandishi hayo begani mwa Arsenal kutabadilisha picha zijazo, si zilizopita. Ile ya kijana aliyekaa kwenye nyasi itabaki kama ilivyo, kwa sababu ni picha nzuri, na kila itakaporudiwa jina la mdhamini litarudi nayo.

Kuna mambo mawili ya kufuatilia. La kwanza ni kama Ligi Kuu ya England itaweka kanuni ya kuzihoji serikali zinazonunua nafasi kwenye jezi, au kila klabu itaendelea kusubiri mashabiki wake wachoke. La pili ni kama Kinshasa itaweka wazi pesa za Barcelona, Milan na Monaco zimeleta nini, na kwa nani.

Huko Kalemie na Kiambi, jezi za zamani za Arsenal hazitatupwa kwa sababu mkataba umeisha London. Nguo huvaliwa mpaka iishe. Kwa miaka kadhaa ijayo, wavulana watacheza mpira kwenye vumbi kando ya Luvua na ufuoni mwa ziwa wakiwa na jina la Saka mgongoni, na begani maneno ambayo Arsenal yenyewe itakuwa imeshayavua.